Nilijaza "robbery" kwenye fomu ya bima, nikaulizwa nilipigwa wapi: uzi wa maneno ya wizi ya Kiingereza na vinyume vyake

Mfasiri Mchovu:
Wakuu, salama? Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu, hatugombani.

Mwezi uliopita niliibiwa laptop. Nilikuwa kwenye chumba cha kusubiri, begi miguuni, usingizi ukanipitia kama dakika kumi hivi. Kufumbua macho, begi hakuna. Sikuguswa, sikutishwa, hata mchakacho sikuusikia. Kwa bahati kompyuta ilikuwa na bima, basi jioni ile ile nikafungua fomu ya madai mtandaoni. Fomu yote ni ya Kiingereza, na kuna mahali pa kuchagua aina ya tukio: theft, robbery, burglary. Mimi ambaye mkate wangu ni kutafsiri (chekeni, nami nacheka) nikaliona "theft" jepesi mno kwa uchungu niliokuwa nao. Nikabonyeza "robbery".

Siku mbili baadaye ikaja barua pepe: tafadhali eleza nguvu au vitisho ulivyofanyiwa, na kama uliumia ambatanisha ripoti ya daktari.

Nguvu gani jamani? Nilikuwa nakoroma.

Ndipo nikakaa kitako na kamusi zangu. Niliyoyakuta ndiyo haya.

Kwanza, kosa letu kubwa linatoka kwenye Kiswahili chenyewe, na linatoka kwa sababu Kiswahili kina akili zaidi hapa. Sisi tuna kitenzi kimoja, iba, tukikitia kiambishi tu kazi imekwisha: begi limeibwa, mimi nimeibiwa begi. Mwingereza hana hiyo "-ia". Kwake "steal" inamtaka mtendwa awe kile kitu kilichobebwa: they stole my bag. Ukitaka kumtaja aliyepatwa, unabadilisha kitenzi kizima, unatumia "rob": they robbed me. Kwa hiyo ukisema "I was stolen" umemwambia Mwingereza kwamba wewe mwenyewe ulibebwa begani kama mbuzi. Na "they robbed the bank" maana yake benki ndiyo iliyopatwa. Ukisema "they stole the bank", jengo limeondoka na msingi wake.

Halafu kuna "burgle", ambayo mtendwa wake ni nyumba: our house was burgled. Kitu, mtu, nyumba. Kila kimoja na kitenzi chake. Na ukiunganisha mtu na kitu, vihusishi navyo vinabadilika: unasema "stole a bag from me" lakini "robbed me of a bag". Wanafunzi wengi huvichanganya hivi viwili, na wala siwalaumu.

Pili, asili ya "rob" ilinifanya niache chai ipoe. Neno limetoka Kifaransa cha kale, ambacho nacho kililichukua kwenye lugha za Kijerumani. Hata leo Mjerumani akisema "Raub" anamaanisha unyang'anyi. Ndugu yake wa tumbo moja ni "robe", joho. Joho! Kwa sababu zamani nyara kubwa ya vita ilikuwa nguo, unamvua adui unaondoka na vazi lake. Ndugu mwingine ni "bereaved", neno wanalomwita aliyefiwa. Ukilivua magamba lina maana ya aliyenyang'anywa. Sisi tunasema amefiwa, wao wanasema kifo kimempora.

Sasa swali langu kwenu, maana hapa ndipo nilipokwama. Kuna zoezi la lugha nililopewa kutafsiri: "Andika kinyume cha maneno yafuatayo", na la nne ni "steal". Majibu ya mwenye zoezi yameandika "give". Mimi roho haijakubali. Wajuvi mje.

Jicho la Tatu:
Kinyume cha kuiba ni kukamatwa. Fungeni uzi.

Dada Kalamu:
@Jicho la Tatu umetania lakini hujui ulichokigusa. Kwenye Kiingereza cha mtaani cha Uingereza, "nick" ni kuiba, na "nick" hiyo hiyo ni kukamata. Tena "the nick" ni kituo cha polisi au jela. Mtu anaweza kuwa "nicked for nicking" na kila mtu akaelewa. "Pinch" nayo ina tabia hiyo: mwizi ana-pinch pochi, polisi wana-pinch mwizi. Sababu ni nyepesi ukiitazama mikono: anayeiba na anayekamata wote wanashika ghafla kitu ambacho sekunde moja nyuma hakikuwa mikononi mwao.

Kaka Mfasiri, pole kwa laptop. Mimi nafundisha lugha, na swali lako la kinyume nimelipigania miaka mingi kwenye chumba cha walimu. "Give" si kosa, ila ni jibu la mtu aliyetazama mkono tu. Kuiba kuna vitu vingi ndani yake: kitu kinahama kutoka kwa mwenyewe kuja kwangu, mwenyewe hakuridhia, aghalabu nafanya kwa siri, na sina nia ya kurudisha. Ukigeuza uelekeo tu, unapata "give". Ukiacha uelekeo ukageuza ridhaa, unapata "buy", "borrow", "receive"; kitu bado kinakuja kwako, ila mwenyewe kakubali. Ukigeuza nia ya kubaki nacho, "borrow" tena. Ukilirudisha tendo lenyewe nyuma kama mkanda wa video, "return" au "restore". Sasa mwanafunzi aliyeandika "return" anakatwa alama kwa kosa gani? Aliyeandika "buy" je? Mimi nilishawahi kuwapa wote alama, nikaitwa mlegevu.

Ukitaka kuelewa kwa nini Kiingereza kinahangaika, tazama tena kwetu. Tuna kiambishi cha kutengua: funga, fungua, ziba, zibua, bandika, bandua, pachika, pachua. Kitendo na kinyume chake vimezaliwa mama mmoja. Wao wana "un-" kwenye lock na unlock, lakini "unsteal" haipo. Kwa upande wetu "ibua" ipo, ila ni kitu kingine kabisa, msijaribu.

Mtoto wa Mwalimu:
Mimi ndiye niliyesema "I was stolen". Mbele ya jopo la usaili, watu watatu, kwa sauti ya kujiamini. Waliniuliza kwa nini sina cheti halisi, nikasema "I was stolen on my way". Mmoja akaniuliza kwa upole kabisa: and who returned you?

Kazi sikupata. Ila mpaka leo sijasahau "rob".

Mfasiri Mchovu:
@Mtoto wa Mwalimu nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

@Dada Kalamu asante sana, hiyo ya kugeuza kipande kimoja kimoja imenifungua. Ila niongeze kitu kilichonisumbua usiku. Hebu geuza uelekeo peke yake, mengine yote yaache kama yalivyo: bado ni siri, bado mwenyewe hajaridhia. Kitu kinatoka kwangu kinaingia mfukoni mwako, wewe huna habari. Hilo ni tendo gani? Kiingereza kina neno: "plant". Kumwekea mtu kete ya dawa za kulevya kwenye begi kisha unapiga simu polisi. Kwetu tunasema kubambikia. Kwa hiyo kinyume cha "steal" kilicho sahihi kuliko vyote kwa mikono na miguu si wema hata kidogo. Inawezekana kabisa mtu akapendelea aibiwe kuliko abambikiwe.

Kiswahili kinaionyesha hiyo vizuri mno: mwizi wa mfukoni anachomoa, na anayebambika anachomeka. Chomeka, chomoa. Dada, si ndiyo kile kiambishi chako cha kutengua?

Dada Kalamu:
Ndiyo chenyewe! Nimekasirika kwamba sikukiona mimi.

Na si lazima kiwe kiovu. Kuna "shoplift", kuiba dukani kwa kujifanya mteja. Wasanii wakalitungia kinyume, "shopdrop", kuingia dukani na kitu chako ukakiacha kwenye rafu bila ruhusa. Mwaka 1993 huko Marekani kikundi kimoja kilichojiita Barbie Liberation Organization kilinunua wanasesere wa Barbie wanaosema na wale wa kijeshi wa G.I. Joe, kikabadilisha vifaa vya sauti vya ndani, kisha kikawarudisha madukani kwa siri. Mtoto anafungua zawadi, mwanajeshi anazungumzia manunuzi na Barbie anatangaza vita.

Na mwaka 2009 London wachomozi wastaafu wapatao 20 walizunguka maeneo ya watalii wakiwatilia watu noti mifukoni. Kuanzia pauni 5 hadi 20, bila kuwaambia. Magazeti yakawaita "putpockets", kinyume cha "pickpockets", wachomozi. Lilikuwa tangazo la biashara la kampuni fulani, lakini neno lilitoka zuri.

Wakili wa Jioni:
Nimechelewa kidogo, nilikuwa mahakamani.

Ndugu Mfasiri, fomu ya bima ilikuwa sahihi na wewe ulijipalia makaa. Maneno haya watu wa mitaani huyachanganya, ila mwanasheria akiyachanganya mteja wake anaweza kulala ndani miaka ya ziada. Chukua Uingereza na Wales, ambako sheria ya msingi ni Theft Act ya mwaka 1968. Kifungu cha 1 kinasema wizi ni kutwaa kwa udanganyifu mali ya mtu mwingine kwa nia ya kumnyima daima, "permanently". Adhabu haizidi miaka 7. Kifungu cha 8 ndicho cha "robbery": umeiba, na kabla tu ya kuiba au wakati wa kuiba, ukatumia nguvu au ukamtia mtu hofu ili uibe. Hapo dari ni kifungo cha maisha. Tofauti ya miaka 7 na maisha inakaa kwenye ngumi moja. Wewe uliyekuwa unakoroma hukupigwa hiyo ngumi.

"Burglary" nayo watu wanaitafsiri uvunjaji wa nyumba, na zamani ilikuwa hivyo hasa: lazima iwe nyumba ya kuishi, lazima iwe usiku, lazima kitu kivunjwe. Siku hizi chini ya kifungu cha 9 mlango ukiwa wazi saa sita mchana, ukaingia bila haki kwa nia ya kuiba, ni "burglary" tayari. Hata kama hukubeba kitu. Lakini makampuni ya bima mengi yamebaki na masharti ya zamani, yanataka alama za kuvunja. Someni mikataba yenu.

Lile neno "permanently" pale kwenye kifungu cha 1 lina kisa chake. Kijana akichukua gari la mtu, akazunguka nalo, akaliacha barabara ya pili, atasema sikutaka kubaki nalo. Na kweli, kwa tafsiri ile si mwizi. Ikabidi kiwekwe kifungu cha 12, kuchukua bila ridhaa ya mwenyewe, "taking without owner's consent". Polisi wakakifupisha ikawa "TWOC", na leo ni kitenzi kamili: he twocced a car. Dada Kalamu, hapo hata "borrow" yako imeingia doa.

Jicho la Tatu:
Na hawa wapigaji? Wa ofisini, wa tai na koti. Nao ni thieves?

Wakili wa Jioni:
Swali zuri kuliko la mwanzo. Hao neno lao ni "embezzle", na lilipata makali yake kwa kisa cha mwaka 1799. Karani wa benki London, jina lake Joseph Bazeley, alipokea fedha za mteja kaunta. Zikiwamo noti ya pauni 100. Akaandika kwenye daftari kwamba mteja kaweka zote, kisha ile noti akaitia mfukoni mwake. Kesi ikafika kwa majaji, wakasema: wizi ni kuchukua kitu kutoka mikononi mwa mwenyewe, na noti hii haijawahi kufika mikononi mwa benki, ilitoka kwa mteja ikaingia mfukoni kwa karani. Si mwizi! Mwaka ule ule Bunge likatunga sheria ya makarani na watumishi.

Kwa hiyo mwizi wa kawaida anachukua asichokabidhiwa. Huyu wa tai kakabidhiwa kwanza, tena kwa saini. Kinyume cha "embezzle" basi hakiwezi kuwa "give". Kinyume chake ni "account for", kutoa hesabu ya ulichopewa.

Dada Kalamu:
Hiyo nimeinakili, nitaitumia darasani Jumatatu.

Nilete na mimi ya bei, halafu nikalale. Mwingereza akikuta kitu kizuri kwa bei ya chini sana anasema "it's a steal". Akikuta kitu hafifu kwa bei ya juu anasema "it's daylight robbery". Maneno mawili yanayodaiwa kuwa na maana moja, yakifika sokoni yanakuwa vinyume! Na sababu ni ile aliyoanza nayo Kaka Mfasiri juu kabisa: "steal" inatazama kitu, na "rob" inamtazama aliyepatwa. Kwenye "a steal" mnunuzi ndiye mwizi, kabeba kitu karibu bure. Kwenye "robbery" mnunuzi ndiye kaporwa. Sisi ya kwanza tunaita bei ya kutupa, ya pili ndiyo wizi mtupu.

Na ya mwisho kweli. "Burglar" lilitangulia, "burgle" likachongwa nyuma yake karne ya 19 kwa mzaha, kama vile mtu angekuta "daktari" akatunga kitenzi "kudaktari". Wamarekani wakachonga lao, "burglarize". Na "donate", kitenzi kinachoheshimika kwenye kila hafla ya hisani, kilichongwa vile vile kutoka "donation". Mvunja nyumba na mfadhili wamepitia kwa fundi mmoja.

Mtoto wa Mwalimu:
Kuna "reimburse" pia. Niliitafuta baada ya kulisoma kwenye uzi huu neno pochi. Ile "burse" katikati ni mfuko wa fedha, kutoka Kilatini, ndugu wa "purse". Kwa hiyo ni kurudisha ndani ya mfuko. Na mwizi wa zamani aliitwa "cutpurse", mkata mfuko, kwa sababu watu walifunga mifuko ya fedha kwenye mkanda naye anakata kamba. Cutpurse anautoa, reimburse anaurudisha. Wakuu, si hicho ndicho kinyume tulichokuwa tunakitafuta?

Wakili wa Jioni:
Umejitahidi kijana, jopo lile lingekusikia leo! Tatizo anaye-reimburse huwa si aliyechukua. Mwajiri anakurudishia nauli, bima inakurudishia laptop (kama hukujaza fomu vibaya). Mwizi anayerudisha mwenyewe ana msamiati wake: "make restitution", na fedha anayoipeleka kwa kusutwa na moyo inaitwa "conscience money". Hazina ya Marekani ina mfuko wa namna hiyo, Conscience Fund, tangu mwaka 1811. Ulianza na mtu asiyejitaja aliyetuma dola 5. Watu wameendelea kutuma mpaka zama zetu, wengi bila majina.

Mfasiri Mchovu:
Wakuu nimerudi na mrejesho, na nina tatizo jipya.

Fomu niliijaza upya, nikabonyeza "theft", nikaeleza kwamba nilikuwa nimelala. Wamelipokea dai, tunasubiri. Zoezi nimelitafsiri, na kwenye la nne nimemwandikia mwenye zoezi kwamba jibu liwe zaidi ya moja. Bado hajajibu.

Sasa jana nimepigiwa simu kutoka kile chumba cha kusubiri. Begi limeonekana! Lilikuwa limesukumwa nyuma ya viti. Laptop haipo, kama mlivyotarajia. Chaja ipo. Daftari langu lipo. Na ndani kuna mwavuli. Mweusi, wa kukunja, mzima kabisa, mpini wa mbao. Si wangu, sijawahi kuwa na mwavuli wa namna ile. Nilimwuliza dada wa mapokezi, akasema yeye kakabidhi begi kama lilivyo, akanitaka nisaini kwamba nimepokea "bag and contents". Nikasaini.

Kufika nyumbani nikaanza kujiuliza. Huyu mwizi kanibambikia mwavuli wa mtu, au kanipa? Wakili, mimi sasa ni mwizi?

Wakili wa Jioni:
Kwa sheria ile ile ya 1968, kifungu cha 2: kama unaamini kwa dhati kwamba mwenyewe hawezi kupatikana kwa juhudi za kawaida, kutwaa kwako si udanganyifu. Lakini juhudi uzifanye. Ukimjua mwenye mwavuli ukanyamaza, hiyo wanaiita "theft by finding". Umetafuta?

Mfasiri Mchovu:
Nimerudi leo asubuhi nikabandika karatasi ukutani pale pale. Nimeandika "Umbrella found". Kalamu ilisita kidogo kwenye "found", nikaliacha.

Jicho la Tatu:
Kesho mvua. Usiutumie.